TUONGEZE UJUZI: Mutu aliyepata picha ndani ya maji



Mu ukurasa huu tulikwisha kuongea juu ya radio, ile picha ya mifupa na mapafu ambayo watu wa mugodi wanaijua vizuri. Leo tunakwenda kwa ndugu yake mudogo anayeitwa IRM. Lakini hatutaanza na mashini. Tutaanza na swali ambalo vijana wanatuuliza kila mwaka, wakati wa kuchagua masomo: nikisoma shimi, nitafika wapi?

Kwa sisi watu wa shaba, jibu la kwanza linajulikana. Utafika Shituru, utafika Luilu, utasimama karibu na mabeseni ya asidi na kuangalia namna shaba inatoka katika maji na kushikamana juu ya bamba. Ni kazi ya heshima, na jamaa nyingi zimekula juu yake. Lakini mutoto anabaki na mawazo kwamba shimi ni hayo tu: asidi, harufu mbaya, na mushahara kama unakuja. Kwa hiyo tumemuchagua mutaalamu mumoja wa shimi, Mumarekani, ambaye hakuwa munganga hata siku moja, lakini hospitali za dunia nzima zinatumia kazi yake. Jina lake ni Paul Lauterbur. Na mutaona ya kwamba katika njia yake alikutana na metali moja ambayo sisi tunaikanyaga kwa miguu.

Lauterbur alizaliwa tarehe 6 Mei 1929 mu Sidney, muji mudogo wa jimbo la Ohio. Nyumbani alijijengea labo yake ndogo. Kwenye shule, mwalimu wake wa shimi aliona kwamba yeye na rafiki zake wanapenda kujaribu vitu wao wenyewe. Pahali pa kuwakemea, aliwaachilia wafanye majaribio yao nyuma ya kilasi wakati somo linaendelea. Walimu wetu watusamehe, lakini tunafikiri kwamba mwalimu yule alifanya siku zile kazi kubwa kuliko alivyojua.

Mwaka wa 1951 alipata diploma yake ya shimi mu Cleveland, kisha akaingia kazini mu Pittsburgh, kwenye labo iliyotafuta mambo ya silikoni. Hakukimbilia udaktari. Alisoma polepole, akiwa kazini, na katikati jeshi likamuita kwa miaka miwili. Kwa wengi hiyo ingekuwa miaka ya hasara. Kwake haikuwa hivyo, kwa sababu jeshi lilimutia katika kituo chake cha shimi mu Maryland, na kule kulikuwa mashini mupya ambayo watu wachache walijua kuitumia. Yeye akaijua. Udaktari aliupata mwaka wa 1962, akiwa amekwisha kupita miaka 30, na mwaka wa 1963 alianza kufundisha kwenye Chuo Kikuu cha Stony Brook, karibu na muji wa New York.

Mashini ile ilikuwa ya namna gani? Hapa tunaomba musomaji atulie kidogo, kwa sababu bila kufahamu jambo hili hatafahamu mengine.

Katika kila tone la maji kuna hidrojeni. Katikati ya kila hidrojeni kuna punje ndogo sana, inayofanya kama sumaku ndogo. Ukiweka maji katikati ya sumaku kubwa, zile punje zinajipanga. Ukizipiga na mawimbi kama yale yanayobeba sauti mpaka kwenye chombo chako cha radio, na mawimbi hayo yakiwa ya frekansi inayozifaa, zinayumba. Na ukiacha kuzipiga, zinarudi pahali pao, na katika kurudi zinatoa sauti yao, wimbi dogo ambalo chombo kinaweza kusikia. Makundi mawili ya wataalamu mu Marekani yaligundua jambo hili mwaka wa 1946, na wakubwa wao, Felix Bloch na Edward Purcell, walipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1952. Watu wa shimi walifurahi sana, kwa sababu hidrojeni inabadilisha sauti yake kidogo kufuatana na majirani zake. Kwa kusikiliza tu, bila kuharibu kitu, mutaalamu anajua dawa au mafuta yamejengwa namna gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Lauterbur. Hakufikiria wagonjwa.

Mwaka wa 1971 alikuwa anasimamia kampuni ndogo mu Pennsylvania iliyotengeneza mashini hizo, kampuni iliyokuwa katika shida. Pale akamuona kijana mutaalamu amekuja na vipande vya nyama ya panya, vingine vizima, vingine vyenye uvimbe wa kansa, akavitia katika mashini. Munganga mumoja wa New York, Raymond Damadian, alikuwa ameonyesha mwaka huohuo ya kwamba maji yaliyo ndani ya uvimbe yanachelewa kurudi pahali pake kuliko maji ya nyama nzima. Lauterbur aliona matokeo ni ya kweli. Lakini kukata nyama ya mutu kusudi ujue kama ni mugonjwa, hilo lilimusumbua. Ukiwa umekwisha kukata, sumaku ya nini tena? Swali likawa hili: mutu akiwa muzima, amelala ndani ya sumaku, na maji yake yote yanatoa sauti pamoja, namna gani nitajua sauti hii inatoka kichwani, na ile inatoka tumboni?

Jibu lilimujia jioni ya tarehe 2 Septemba 1971, akiwa mu restora, na mukate wa nyama mbele yake. Usiku uleule akatafuta daftari na kuandika yote.

Tufanye mufano wa kwaya. Kama waimbaji wote wanaimba sauti moja, na wewe umefunga macho, hauwezi kujua Mama Alphonsine anasimama upande gani. Lakini mukubwa wa kwaya akisema: anayesimama kushoto kabisa aimbe chini, anayemufuata aimbe juu kidogo, na hivyo mpaka kuume, basi hata kipofu atajua kila mumoja yuko wapi, na pahali gani kuna watu wengi, na pahali gani kiti ni kitupu. Lauterbur alitaka kufanya hivyo na maji. Frekansi ya hidrojeni inafuata nguvu za sumaku. Sumaku ikiwa na nguvu kidogo upande mumoja na nguvu zaidi upande mwingine, kila pahali pa mwili patakuwa na sauti yake. Kisha unageuza mwelekeo, unasikiliza tena, unageuza tena, na hesabu inaunganisha yote kuwa picha.

Inaonekana rahisi. Lakini mukumbuke ya kwamba miaka 25 wataalamu wote walikuwa wametoka jasho kusudi sumaku yao iwe sawasawa pande zote, bila kasoro hata kidogo. Yeye aliiharibu kwa kusudi. Ndiyo sababu wengi hawakumufahamu.

Chombo kilikuwa kimoja kwa watu wote wa shimi pale Stony Brook, na muchana wengine walikitumia. Basi Lauterbur alifanya kazi usiku, na mbele ya kutoka alirudisha vifungo vyote sawa alivyovikuta, kusudi wenzake wasipate shida asubuhi. (Wale wanaotumia vyombo vya parokia wasikilize.) Picha yake ya kwanza haikuwa na uzuri wowote: viduara viwili, alama ya mirija miwili membamba ya kioo yenye maji, upana wa milimeta moja, iliyotiwa ndani ya murija mukubwa zaidi. Kisha alipiga picha ya konokono wa pwani, yule mwenye maganda mawili, ambaye binti yake alimuokota kandokando ya bahari.

Alituma andiko lake kwa gazeti la Nature, ambalo wataalamu wote wanalisoma. Wakalikataa. Hakunyamaza, aliwaandikia tena, akawaeleza faida yake, na likachapwa tarehe 16 Machi 1973. Chuo chake nacho kilipima gharama ya kulinda uvumbuzi huo kwa sheria, kikaona haitarudisha franga, kikaacha. Tukifikiria bei ya mashini moja ya IRM leo, tunabaki tunatikisa kichwa.

Sasa tunafika kwa ile metali.

Katika andiko lilelile la mwaka wa 1973, nyuma ya picha ya mirija miwili ya maji matupu, Lauterbur alifanya jambo lingine. Alitia katika murija mumoja maji safi, na katika mwingine maji yenye chumvi kidogo sana ya manganezi. Kwa macho ni maji tu, yote mawili. Lakini alipoongeza nguvu ya mawimbi, murija wa maji safi ukapotea katika picha, na ule wa manganezi ukabaki. Sababu ni kwamba maji safi yanachelewa: hidrojeni yake ikiyumba, inatafuta karibu sekunde tatu mbele ya kurudi pahali pake. Ukiipiga tena haraka haraka, inachoka na kunyamaza. Manganezi inaiharakisha. Ndani ya manganezi kuna elektroni tano zisizo na mwenzake, na kila moja ni sumaku yenye nguvu kupita zile punje za hidrojeni mara mamia. Maji yakipita karibu nayo, yanarudi mu mustari mbio, sawa watoto wa shule wakisikia viatu vya mukubwa wa shule.

Manganezi ni metali gani? Watu wa Kisenge, kule upande wa Dilolo, hawana lazima ya kuelezwa. Wameichimba miaka mingi. Na kila nyumba iliyo na tochi imekwisha kuiona: ni katika ule unga mweusi unaotoka ndani ya pili iliyopasuka. Mama, usiache watoto wachezee unga huo. Mwili unatafuta manganezi kidogo sana, na tunaipata katika chakula. Lakini yule anayevuta vumbi lake miaka na miaka, linaweza kumuharibu bongo: anatembea vibaya, uso unakauka bila kucheka wala kukunja, mikono inatetemeka. Munganga wa Scotland, John Couper, aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka wa 1837, nyuma ya kuuona kwa wafanyakazi waliosaga manganezi. Kwetu watu wengine wangesema mutu huyo amelogwa. Hapana. Ni vumbi, na dawa yake ya kwanza ni maji ya kulowesha udongo na maski nzuri ya kuzuia vumbi, inayofunika pua na kinywa.

Basi metali ambayo inamuharibu muchimbaji ndiyo ileile iliyoangaza picha ya Lauterbur. Mwaka wa 1978, yeye pamoja na wenzake Mendonça Dias na Rudin walionyesha jambo hilo ndani ya mwili wenye uzima. Walichukua imbwa ambao mushipa mumoja wa moyo ulikuwa umefungwa, wakawapa manganezi. Metali ilifika katika nyama ya moyo iliyokuwa ikipata damu, haikufika vizuri pale damu ilipokatika, na tofauti ikapimika katika maji ya moyo. Kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba unaweza kutia metali katika damu kusudi mashini ione wazi kitu ambacho haikuona.

Lakini nani atakubali kupigwa shindano la manganezi tupu? Ikiwa nyingi katika damu inaweza kusumbua moyo wenyewe. Hapa waganga walisimama, na watu wa shimi wakaendelea.

Wengi walitafuta. Njia iliyoshinda ilitoka kwa kampuni ya Schering mu Berlin. Watafiti wake, kati yao Hanns-Joachim Weinmann, walichukua metali nyingine inayoitwa gadolini. Haiko katika chakula chetu na mwili hauna kazi nayo, lakini ina elektroni saba zisizo na mwenzake, hakuna metali inayoipita. Ikiwa tupu ni sumu. Ukubwa wake unakaribia ule wa kalsi, ile inayojenga mifupa na kusaidia misuli na moyo kufanya kazi, kwa hiyo inaingia pahali pa kalsi kama mugeni aliyekalia kiti cha baba wa nyumba, na kazi inasimama. Basi wakaifunga. Walitumia kitu kinachoitwa DTPA, molekuli ndefu yenye mikono minane ya kukamata metali pande zote. Wataalamu wanaita namna hii ya kukamata kwa jina linalotoka katika neno la Kigiriki la makucha ya kaa, na kweli ni hivyo: kaa amekamata, haachilii.

Hapa ndipo akili ya mutu wa shimi inaonekana. Gadolini inapenda kuzungukwa na majirani tisa. Makucha yanachukua pahali nane. Pahali pa tisa panabaki wazi, na maji ya mwili yanakuja kukaa pale kidogo sana, yanaguswa na nguvu za metali, yanatoka, mengine yanaingia, mara mamilioni katika sekunde moja. Kama wangeifunga pande zote tisa, isingekuwa sumu, lakini isingesaidia maji yaingie na kutoka vizuri hivyo. Kama wangeifunga vibaya, ingeponyoka na kuua. Ni sawa imbwa mukali wa ulinzi: umemufunga munyororo, lakini munyororo unafika mpaka kwenye mulango.

Dawa hiyo ilikubaliwa kwa wagonjwa mwaka wa 1988. Mutu wa kilo 70 anapigwa shindano lenye karibu gramu moja ya gadolini, ikiwa yote ndani ya makucha yake. Inazunguka na damu, inakusanyika pale mishipa midogo imevunjika au imezidi, kama vile katika uvimbe wa bongo, na pale panawaka mweupe katika picha. Kisha figo zinaisukuma nje, na kwa mutu mwenye figo nzima karibu yote inatoka na mukojo katika siku moja. Wafaransa wa kampuni ya Guerbet walileta yao mwaka wa 1989, yenye makucha ya namna nyingine: molekuli ya duara, kama kitundu kilichofungwa, ambacho metali inapata shida kubwa zaidi kutokamo.

Miaka mingi ilionekana ya kwamba tofauti ya kitundu na makucha ni mambo ya wataalamu tu. Haikuwa hivyo. Tangu mwaka wa 1997 waganga wa Marekani waliona wagonjwa wa figo ambao ngozi yao inakuwa ngumu kama ubao, mikono na miguu haikunjiki tena, na wengine walikufa. Mwaka wa 2006 munganga mumoja wa Austria aliona kwamba wagonjwa wake wa namna hiyo walikuwa wamepigwa shindano la gadolini. Figo zilizokufa hazikuisukuma nje, dawa ilikaa mwilini siku nyingi, na makucha yale marefu yakachoka na kuachilia. Mwaka wa 2014 watafiti wa Japani walionyesha tena ya kwamba hata mutu mwenye figo nzuri, akipigwa shindano mara nyingi, kidogo inabaki katika bongo, ingawa hawajaona kwamba hiyo peke yake inaleta ugonjwa. Mu Ulaya, mwaka wa 2017, wakubwa wa dawa waliondoa nyingi za makucha marefu na kuacha za kitundu. Hapa tunasema mawazo yetu wazi: hatupendi namna watu wanavyoongea juu ya sayansi kama kwamba ni malaika au shetani. Dawa hii imeokoa wengi sana, na imeumiza wengine, na wale waliogundua ubaya wake ni wataalamu pia, waliohesabu wagonjwa wao mumoja mumoja.

Kazi haijaisha. Mwaka wa 2022 dawa mupya ya kitundu, gadopiklenoli, ilikubaliwa mu Marekani; inatumia nusu tu ya gadolini, kwa sababu imeacha pahali pa maji mawili pahali pa moja. Na watafiti wengine wanarudia manganezi, wanaitafutia kitundu chenye nguvu, kwa sababu ikiponyoka kidogo mwili unaijua na una njia ya kuitoa. Kijana wa Kolwezi anayesoma shimi leo anaweza kuingia katika mbio hizo. Ni hesabu, ni uvumilivu, na ni kujua metali inapenda kushikwa namna gani, jambo ambalo viwanda vyetu vinalifanya kila siku wakati vinatenganisha shaba na kobalti.

Tumalize habari ya Lauterbur. Mwaka wa 1985 alihamia Chuo Kikuu cha Illinois, akaendelea na kazi yake pale. Mwaka wa 2003 alipewa zawadi ya Nobel ya uganga, pamoja na Mwingereza Peter Mansfield wa Nottingham, aliyeonyesha namna ya kupata picha kwa haraka. Huyu Mansfield, vijana, aliacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi katika uchapaji, kisha akarudia masomo jioni. Damadian hakupewa kitu, akakasirika, akalipa kurasa nzima za magazeti makubwa kusema kwamba ni kosa la aibu. Mabishano hayo hatutayaingilia. Kila mumoja alileta jiwe lake. Lauterbur alikufa tarehe 27 Machi 2007, nyumbani kwake mu Urbana, akiwa na miaka 77. Ugonjwa uliomuondoa ulikuwa wa figo.

Mashini zenyewe sasa ni nyingi katika inchi za matajiri, kwetu bado ni chache na bei yake inaumiza. Wengine wanatumwa mbali, Afrika Kusini ao India, na jamaa nzima inachanga. Ndani ya mashini hiyo kuna waya wa niobi na titani, umezungukwa na shaba, na kupozwa mpaka digri 269 chini ya sufuri. Kama shaba hiyo ilitoka kwetu hatujui. Shaba haina pasiporti. Sumaku yake ya kawaida inapita nguvu ya sumaku ya dunia mara 30.000 hivi, na haizimwi wagonjwa wakitoka. Inavuta usiku na muchana.

Kwa hiyo, jamaa wa mugodi, mukitumwa kwa IRM, jambo la kwanza si franga. Ni kusema yote. Mwaka wa 2001, mu jimbo la New York, mutoto wa miaka sita alikuwa amelala ndani ya mashini, mutu akaingiza chupa ya chuma ya oksijeni, sumaku ikaivuta, ikamupiga kichwani, akafa. Fungulo, kisu, telefone, saa, vyote vinabaki inje. Kama una kifaa cha kusaidia moyo, sema. Kama mama ana mimba, aseme. Kama figo zako ni wagonjwa, ao ulikwisha kupigwa shindano la namna hiyo mbele, sema mbele ya kupigwa lingine, na uulize dawa yao ni ya kitundu ao ya makucha marefu. Munganga muzuri hatakasirika.

Na kuna jambo moja ambalo fomu ya hospitali inaliuliza kwa mustari mumoja tu, na watu wetu wanajibu hapana bila kufikiri: chuma katika jicho. Wewe uliyenoa vyuma, uliyeunganisha kwa moto, uliyepiga nyundo juu ya patasi miaka kumi, pengine siku moja kipande kidogo kiliruka, jicho likatoka machozi siku mbili, kisha ukasahau. Kipande kinaweza kuwa bado pale. Hakikuumizi, lakini sumaku ikikigusa kitageuka ndani ya jicho, na kuna mutu aliyepoteza kuona kwa namna hiyo. Ni vilevile kwa wale waliobaki na vipande vya risasi ao bomu tangu miaka ya vita. Usione haya, na usiogope kwamba watakunyima mashini. Watakupiga kwanza radio ya kawaida ya macho, ile ya zamani, ambayo inaona chuma wazi, na inachukua dakika chache tu.